Mama Bihogo na ndama aliyekataa kucheka

Saa mbili asubuhi, mnadani, nje kidogo ya mji wa Kasulu, madalali wameshaanza kupandishiana sauti. Vumbi jekundu limewapanda watu mpaka magotini. Katikati ya kelele zote hizo, mama mmoja aliyejifunga kitenge cha kijani amechuchumaa mbele ya ndama wa watu, daftari gotini, macho yote kwenye masikio ya mnyama.

Hapepesi. Sikio la kushoto la ndama linageuka nyuma, naye anaandika. Linarudi mbele, anaandika tena.

"Mwakeye mama. Unamchukua huyo?" anauliza dalali, akianza na salamu ya asubuhi ya Kiha, ambaye kwa robo saa nzima amekuwa akimwona mteja pale ambapo hakuna mteja.

"Hapana kaka, leo sina hela ya ng'ombe," anajibu bila kuinua kichwa. "Namsikiliza tu."

Dalali anamwangalia mwandishi wa makala haya, anamwangalia mama, kisha anatikisa kichwa na kwenda kutafuta watu wenye akili timamu. Angejua anaongea na nani, angemletea kigoda.

Mama huyo ni Theodosia Niyomwungere, 47, mzaliwa wa Nyakitonto na mkazi wa mjini Kasulu. Kwa jina hilo ni wachache watakaomtambua. Lakini mtaje kwa jina la Mama Bihogo, na kuanzia stendi ya Kasulu mpaka soko la Kibondo utaelekezwa nyumba yake, utaambiwa watoto wake wanasoma wapi, na kuna mtu atakuigizia sauti yake hapo hapo bila kuombwa.

Kazi yake ni kuwasemea watu na wanyama wasiojua Kiswahili. Kwa miaka zaidi ya ishirini amekuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda umiza cha Khatibu Badru, 63, mfanyabiashara ambaye baba yake alikuja Kasulu kutoka Pangani na gunia la vitambaa, akaoa, asirudi tena.

Kibanda chenyewe ni mabati, mabenchi na pazia jeusi mlangoni. Filamu ikianza, sauti yake hupunguzwa mpaka ibaki mnong'ono. Theodosia hukaa kwenye stuli pembeni, maiki mkononi, na kuwa kila mtu: jambazi, askari, bibi harusi, mbwa wa bibi harusi. Hasomi popote. Anaangalia picha na kusema.

Kwa kila onyesho hulipwa Sh7,000, na kwa wiki hupata maonyesho manne au matano, mengine yakiwa kwenye banda la pili la Khatibu lililoko Kibondo.

"Si utajiri," anasema. "Lakini wanangu watatu wamesoma kwa mdomo huu. Nyumba yangu ya tofali za kuchoma, kila bati lililopo juu yake nimeliongea mimi."

Aliingia kwenye kazi hiyo kupitia mlango wa karanga. Mwaka 2004 alikuwa akiuza karanga nje ya banda, na filamu iliyokuwa ikipendwa kuliko zote ilikuwa katuni moja kutoka nje, kisa cha ndama anayepotezana na mama yake wakati wa mafuriko na kuvuka milima kulitafuta kundi lake, akiongozana na ndege yangeyange. Jina la kizungu la filamu hiyo Kasulu hakuna anayelijua, wala hakuna aliyewahi kulihitaji.

Siku moja mtafsiri wa wakati huo akashikwa na malaria. Banda limejaa, watu wameshalipa, Khatibu anazunguka na jasho. Theodosia akaweka beseni la karanga chini, akamwambia, "Nipe mimi."

"Nilikuwa nimeisikiliza kupitia mabati miezi mitatu," anakumbuka na kucheka. "Nilijua kila mlio wa mle ndani. Nilikuwa sijawahi kuona picha hata moja."

Kwa hiyo akaingia akiwa ameshamchagulia ndama jina: Bihogo, kama wazazi wake walivyomwita ng'ombe mwenye rangi ya kahawia iliyokolea wekundu. Picha ikawaka. Ndama ni wa bluu. Bluu kabisa, na nyusi juu.

Banda lilipasuka kwa kicheko. "Bihogo gani wa bluu?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Theodosia, maiki mkononi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajibu bila kusita: "Mama yake ndivyo anavyomwita. Wewe ni nani?"

Toka siku hiyo karanga zikapata muuzaji mwingine.

Katuni hiyo imeonyeshwa Kasulu kila sikukuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto mbishi huitwa Bihogo. Mchezaji wa mpira anayepotea uwanjani huitwa Bihogo. Na kuna mahali pamoja kwenye filamu, mvua ya kwanza inapomnyeshea ndama peke yake mlimani, ambapo Theodosia husema "Ha ha ha, mvua inanitekenya!" na banda zima husema naye, wazee kwa watoto, wakicheka mpaka mabati yanalia.

"Mimi pale huwa nashusha pumzi nijiandae," anasema Kuruthumu, fundi cherehani wa miaka 52 ambaye amekalia benchi lile lile la pili tangu siku ya bluu. "Nimecheka pale nikiwa na mimba, nimecheka nikiwa na msiba. Ni dawa."

Ndipo mwishoni mwa mwaka jana zikaja habari kwamba wenye filamu wameitengeneza upya. Safari hii si ya kuchora. Ni ya kompyuta, lakini ukiangalia utaapa kuwa ni ng'ombe halisi aliyepigwa picha machungani. Unahesabu manyoya, unaona inzi wakitua, unaona ute puani.

Tena ndama si wa bluu. Ni wa kahawia iliyokolea wekundu.

"Nilipomwona nilishika kifua," anasema Theodosia. "Nikasema, mwanangu, baada ya miaka yote hii umekuwa bihogo wa kweli. Nilifurahi kama mjinga."

Furaha hiyo haikudumu. Khatibu, ambaye anapenda mambo mapya na kuyanunua mapema, alikuwa na vitu viwili mfukoni: filamu mpya, na flashi yenye filamu hiyo hiyo ikiwa tayari imeingizwa sauti Dar es Salaam na kijana mmoja mwenye maneno ya mjini na muziki nyuma. Flashi haiugui malaria. Flashi haihitaji stuli.

Mzee huyo hakutaka kumvunjia heshima mtu aliyemjazia banda miaka yote hiyo. Wakakubaliana kwamba Theodosia aitafsiri kwanza Kibondo, Jumapili moja kabla ya Ramadhani. Ikipendeza, ataifanya Kasulu siku ya Idi. Isipopendeza, itawekwa flashi, na baada ya hiyo zitafuata flashi nyingine, na maiki itaingia kabatini.

Kibondo ilikuwa aibu. Theodosia mwenyewe analitumia neno hilo, na hataki lilainishwe.

Alifanya kosa moja. Aliichukua tafsiri yake ya zamani, neno kwa neno, akaivika filamu mpya. Mwanzoni watu walikaa kimya, si kimya cha kupenda, bali cha watu wanaosubiri kitu kianze. Nyuso za wale ng'ombe hazikuwa na nyusi, wala hazikutabasamu. Midomo ilitafuna tu. Yeye analia, ng'ombe anatafuna. Yeye anafoka, ng'ombe anatafuna.

Ikafika mvua ya mlimani. Theodosia akavuta pumzi, akasema kwa nguvu zake zote: "Ha ha ha, mvua inanitekenya!"

Kwenye skrini alikuwa amesimama ndama aliyelowa chapachapa, masikio yameanguka, macho yanachuruzika.

Mzee mmoja akasimama katikati ya banda, fimbo juu. "Simamisha! Simamisha hapo!" akapaza sauti. "Yebabawe! Huyo ndama ana ndigana! Tazameni masikio, tazameni macho. Mnyama anakufa, na wewe mama unasema anacheka? Aitwe bwana mifugo!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Yaliyofuata ni mambo ambayo huenda yanawezekana Kibondo tu. Mtu mmoja akasema ndigana hiyo, homa ya kupe, imeshakomaa. Mwingine akasema ni minyoo, tazama tumbo. Wa tatu akataja sindano aliyomchoma ng'ombe wake mwaka juzi. Mjadala wa matibabu ukachukua nusu saa, filamu ikiendelea bila msemaji, na Theodosia ameketi kwenye stuli na maiki iliyozimwa.

"Ndama wa bluu hakuna aliyewahi kumpima homa," anasema. "Huyu alifanana na ng'ombe wao. Wakamhukumu kama ng'ombe wao. Na walikuwa na haki."

Mwandishi alicheka aliposimuliwa kisa hiki mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka, kwa sababu aliuona uso wa msimuliaji.

Habari zilifika Kasulu kabla ya basi lake. Khatibu hakumgombeza, na Theodosia anasema ingekuwa afadhali angemgombeza.

"Mama Winnie, mimi nakuheshimu," Khatibu alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Lakini flashi haikosei. Idi mosi nitaweka flashi."

"Mzee Khatibu, Ramadhani unafunga banda?"

"Kama kila mwaka."

"Basi nipe huo mwezi. Idi mosi, onyesho la saa tisa alasiri, niachie mimi. Wakinicheka, maiki nitakurudishia kwa mkono wangu, na mbele ya watu nitasema filamu imenishinda."

Khatibu alikuna ndevu muda mrefu. Mwisho akasema sawa, lakini flashi itakuwa mfukoni mwake.

Kwa wiki nzima ya kwanza Theodosia aliilaumu filamu. Aliiangalia nyumbani kwenye simu ya Winnie, tena na tena, akitafuta mahali pa kuingilia. Alimwambia kila aliyesikiliza kuwa watengenezaji wamempa ndama manyoya wakamnyima moyo. Alisema ile ya zamani ilichorwa na watu, hii imetengenezwa na mashine ya kunakili.

"Nilikuwa mkali kama pilipili," anakiri. "Ukishindwa kazi, kwanza unalaumu jembe."

Kisha akapanda basi la Kibondo, akachukua bodaboda mpaka Kumsenga, kumtafuta yule mzee mwenye fimbo.

Makarius Nduwayezu ana miaka 71 na ng'ombe kumi na wawili. Kama wazazi wa Theodosia, alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa kijana. Leo wote ni raia wa Tanzania, na Makarius huonyesha cheti chake kwa mgeni kabla mgeni hajaombwa kukaa. Siku hiyo hakukionyesha. Alimwona mgeni wake akishuka kwenye pikipiki, akamtambua, akageuka na kuendelea kukata majani.

Theodosia alikuwa amejipanga kuomba msamaha kwa Kiswahili kizuri. Alipofika kwenye ua na kusikia harufu ya zizi, kikamtoka kitu kingine, ambacho hakuwa amekitamka tangu utotoni. Akapiga magoti kidogo, akasema:

"Amashyo!"

Ni salamu ya Kirundi, ya wafugaji: uwe na makundi ya ng'ombe. Mzee alisimama na majani mkononi. Kisha akajibu kama inavyopaswa kujibiwa, maana salamu hiyo haikataliwi, hata ikitoka kwa adui.

"Amashongore!" Nawe uwe nayo, tena majike yatakayozaa.

"Sisi Nyakitonto hatukuwa hata na mbuzi," Theodosia anasimulia, na hapa sauti inayojaza banda inashuka. "Ng'ombe wote wa babu walibaki kule, zizini, mlango wazi. Lakini mama alimsalimia kila mtu hivyo, mpaka watoto wenzangu wakanicheka. Nikaiacha. Nikajifanya siijui. Siku ile kwa Mzee Makarius ndipo nilipojua kuwa ilikuwa inanisubiri."

Alikaa Kumsenga siku nne, akilala chumba kimoja na wajukuu wa mzee. Kutwa alikuwa zizini. Makarius alimweka mbele ya ng'ombe mmoja mmoja na kumuuliza: huyu anasema nini? Akikosea, mzee aligonga fimbo chini.

"Yeye alikuwa anasoma mdomo," Makarius aliliambia gazeti hili kwa simu, sauti ikiwa juu kama ya mtu asiyeamini sana simu. "Nikamwambia, mwanangu, mdomo wa ng'ombe ni wa kula. Ukitaka maneno, angalia masikio. Mkia nao ni mchongezi. Ego, ndivyo! Ng'ombe hawezi kukuficha kitu. Ni wewe tu hujui kusoma."

Sikio moja mbele na moja nyuma: anakuogopa lakini anataka kukujua. Yote mawili yamegeukia upande mmoja hata kama kichwa kipo kwingine: moyo wake uko huko. Mkia juu na mbio za ovyo: ndama ameshiba, anacheza. Pua kavu na masikio chini: acha kazi zote, ita mganga wa mifugo.

Daftari lilianza Kumsenga. Aliporudi Kasulu alilipeleka mnadani, wiki baada ya wiki, mpaka Ramadhani ikaisha. Halafu jioni aliiangalia filamu upya, safari hii akiwa amefunika nusu ya chini ya kioo cha simu kwa kiganja ili asione midomo.

"Nikapigwa na butwaa," anasema. "Wale watu walijua! Walioitengeneza walikuwa wamekaa na ng'ombe. Kila sikio lilikuwa mahali pake. Nilikuwa nimewatukana bure."

Na ile mvua? Aliangalia mara arobaini. Masikio chini, macho yanachuruzika. Lakini pua, ukiitazama vizuri, ilikuwa mbichi, na si kwa mvua tu. Ulimi uliilamba mara mbili. Si ndigana. Hapo hata Makarius alikuwa amepitiwa.

"Nilimpigia simu kumwambia. Akasema, 'Nilikuwa nimekaa mbali.'" Anacheka kwa ushindi mdogo mtamu. "Kama hana ndigana, na hacheki, basi ana nini? Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza."

Idi mosi, saa tisa alasiri, banda lilijaa hadi watoto wakakaa chini mbele ya mabenchi, nguo mpya na yote. Kanzu nyeupe zilikuwa nyingi, na misalaba shingoni nayo haikuwa michache. Kasulu sikukuu ni ya kila mtu. Khatibu alisimama kando ya amplifaya na kofia yake ya kudarizi. Flashi nyekundu ilichungulia mfukoni mwa kanzu yake. Mwandishi aliiona, na Theodosia pia aliiona.

Alianza polepole. Hakuifuata midomo. Ndama alitafuna kimya, na maneno yalikuja pale sikio lilipogeuka, kabla tu au baada tu, kiasi kwamba baada ya dakika kumi ungedhani sauti inatoka masikioni. Watu walisogea mbele kwenye mabenchi. Mkulima mmoja aliyekaa karibu na mwandishi alimnong'oneza jirani yake, "Ng'ombe yule ni kama wangu wa kwanza."

Mvua ikaja.

Kwenye benchi la pili, Kuruthumu alishusha pumzi kujiandaa. Banda zima lilishusha naye. Theodosia hakusema kitu. Ndama alisimama mlimani, maji yakimtiririka, masikio yakaanguka, na kimya kikawa kirefu mpaka Khatibu akagusa mfuko wake.

Ndipo sauti ndogo ya ndama ikasema:

"Mama, ulisema mvua ya kwanza nicheke."

Ulimi ukalamba pua.

"Najaribu, mama. Masikio yanakataa."

Hakucheka mtu. Mwandishi amehudhuria maonyesho mengi, ya bei kubwa na ya bure, na hajawahi kusikia watu mia mbili wakinyamaza hivyo. Kuruthumu alijifuta kwa ncha ya khanga yake.

"Miaka ishirini nimecheka pale," alisema baadaye, macho bado mekundu. "Sikujua yule mtoto alikuwa peke yake."

Filamu ikasonga hadi mwisho wake, ambao kila mtu Kasulu anaujua: ndama anafika juu ya kilima cha mwisho, na chini bondeni lipo kundi. Katika tafsiri ya zamani alisema "Shikamooni!" na ng'ombe wa bluu na wa njano wakaitika marahaba. Safari hii bondeni palikuwa na ng'ombe wenye pembe ndefu, vumbi na pumzi, kama waliotoka mnadani asubuhi hiyo. Vichwa vikainuka. Masikio yote yakageukia mlimani.

Theodosia akasimama kutoka kwenye stuli. Hajawahi kusimama akitafsiri.

"Amashyo!" akaita ndama.

Alikuwa amepanga kuitikia mwenyewe, kwa sauti nene ya kundi. Hakuwahi. Jibu lilitoka kando ya amplifaya, kwa lafudhi ya mtoto wa Mpangani aliyewauzia Warundi na Waha vitambaa kwa miaka arobaini na kusalimiana nao kila siku.

"Amashongore!" aliitikia Khatibu Badru.

Kisha banda zima likaitikia. Waliokuwa wanaijua salamu hiyo kwao waliitikia kwa nguvu, na wasioijua wakaifuata. Wazee wawili nyuma walisimama wakapiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa, kama wanavyosalimiwa wakubwa. Theodosia alishusha maiki. Hakuwa na la kuongeza, na alilia waziwazi mbele za watu, na mwandishi hana aibu kusema kwamba hakuwa peke yake.

Watu walipotoka, Khatibu aliitoa flashi mfukoni, akaigeuzageuza.

"Hii nitaifuta, niweke kaswida," alisema. Kisha akaiviringisha waya ya maiki kwa uangalifu kuliko kawaida yake na kumkabidhi Theodosia, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiiacha bandani. "Kaa nayo kwako, Mama Winnie. Ni yako."

Ipi ni bora basi, ya zamani au mpya? Swali hilo linaulizwa Kasulu nzima kwa sasa, saluni na msikitini, na Theodosia huulizwa zaidi ya wote. Amepitisha hukumu yake, na anaitoa kwa raha ya fundi anayeijua kazi yake.

"Ile ya bluu ilinibeba. Ilikuwa inacheka yenyewe, mimi nafuata nyuma. Hii haikubembelezi. Inasimama tu pale na masikio yake, inakwambia, kama una akili sema. Nazipenda zote. Lakini hii ndiyo iliyonifanya nijue kuwa mimi ni fundi."

Jumapili ijayo anarudi Kibondo, kwenye ukumbi ule ule uliomcheka. Ameomba mwenyewe. Makarius ametuma ujumbe kwamba atakaa benchi la mbele, na fimbo yake, na sikio likisemewa uongo atasimama tena.

"Asimame tu," anasema Theodosia. "Nikikosolewa na mtu anayejua ng'ombe, sioni aibu. Naona nimeheshimiwa."

Baada ya hapo ana mpango mwingine. Ameanza kuweka akiba ya kununua mtamba, mmoja, wa rangi ya kahawia iliyokolea wekundu. Atakuwa ng'ombe wa kwanza wa ukoo wao tangu lile zizi lililoachwa wazi. Jina lake halina haja ya kuulizwa.

Ndiyo maana bado yuko hapa mnadani, wiki moja baada ya Idi, amechuchumaa. Kuna ng'ombe mmoja mzee karibu na mwisho wa filamu ambaye sikio lake la kulia bado hajalielewa, na Jumapili haiko mbali.

Yule dalali anarudi. Kuna mtu amemwambia. Mkononi ana kigoda, na usoni ana haya.

"Mama Bihogo, samahani sana, sikukufahamu," anasema, akikiweka chini. Anasimama kidogo, kisha udadisi unamshinda. "Kwani huyu wangu anasema nini?"

Theodosia anatazama daftari. Sikio la kushoto limegeuka nyuma mara tisa tangu saa mbili, na kila mara ni pale mtu anapofungua bomba lililoko nyuma ya uzio.

"Anasema ana kiu, kaka. Mnyweshe kwanza, ndipo umuuze."

Dalali anaangalia bomba, anaangalia ndama, anakwenda kuchota maji. Ndama anakunywa ndoo nzima bila kuinua kichwa, na Theodosia, akiwa ameketi kwenye kigoda, anaandika.